Gereji iliyogeuzwa chumba bado inapitisha sauti: dalili, vyanzo na namna ya kuziba mianya

Palipokuwa na geti pamejengwa ukuta, plasta imepigwa, dari ya jipsamu imefungwa. Lakini kwaya ikianza mazoezi, jirani anasikia beti zote. Au ni kinyume: chumba ni cha kulala, kiko karibu na barabara kuu ya Tunduma, pale Uyole au Makambako, na kila lori linalobadilisha gia linasikika kana kwamba limeegeshwa uani. Mara nyingi fundi huambiwa aongeze unene wa ukuta. Katika nyumba nyingi ukuta hauna kosa. Kosa liko kwenye mianya.

Sauti hupita kila panapopita hewa, na mwanya mdogo unaharibu kazi kubwa. Chukua ukuta wa tofali za kuchoma wenye unene wa takriban sentimita 15 pamoja na plasta ya pande zote mbili. Ukuta huo ukiwa mzima hupunguza sauti kwa karibu desibeli 45. Uwe na urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2.5, kisha uache mwanya wa milimita 2 tu chini yake, mwisho hadi mwisho. Eneo la mwanya huo ni sentimita 100 za mraba, chini ya sehemu 1 kwa 1,000 ya ukuta, na bado ukuta wote unashuka hadi desibeli 31 hivi. Sikio husikia nyongeza ya desibeli 10 kama sauti iliyozidi mara mbili, kwa hiyo hasara ya desibeli 14 si kitu cha kupuuza. Hata ukijenga ukuta wa pili kwa nje, mwanya ukiwa bado wazi utabaki palepale.

Gereji ina mianya mingi kuliko chumba cha kawaida kwa sababu ilijengwa iwe hivyo. Sakafu ina mteremko ili maji yatoke, kwa hiyo ukuta wa mbao au skatingi iliyonyooka ikilazwa juu yake inaacha nafasi inayopanuka kuelekea mlangoni. Juu kuna matofali ya hewa. Ukuta unaishia kwenye mbao inayobeba kenchi bila kuzibwa, kwa kuwa gari halihitaji utulivu.

Pima kabla ya kununua

Weka redio ndani, isishike stesheni yoyote, itoe ule mchakacho wa "shhhh", na uongeze sauti. Mchakacho huo una sauti nyembamba nyingi, na hizo ndizo zinazopenya mianya. Nje, chukua kipande cha mpira wa maji cha mita 1, ncha moja sikioni, ncha nyingine uitembeze taratibu kwenye kila maungio, sentimita 1 kutoka ukutani. Mchakacho ukipanda ghafla, weka alama kwa chaki. Usiku washa taa kali ndani, zima za nje, kisha zunguka: popote mwanga unapochungulia, sauti inapita. Lakini mwanya unaopinda hauonyeshi mwanga, kwa hiyo usiishie kwenye taa. Siku ya upepo, washa kijiti cha udi na ukipitishe pembeni ya dari, fremu na soketi. Moshi ukivutwa au kusukumwa, hapo kuna njia.

Usinunue gundi yoyote ya kuzibia kabla ya kupima. Tumeona vyumba vilivyomaliza tyubu 6 kwenye nyufa za plasta zisizofika upande wa pili, huku nafasi ya milimita 15 juu ya linta (boriti ya zege iliyo juu ya geti) ikiwa haijaguswa.

Dalili: maneno hayasikiki, lakini mngurumo mzito unabaki

Hili si tatizo la kuziba. Sauti nzito ya injini ya dizeli, besi ya baa au mashine ya kusaga haihitaji mwanya: inatikisa ukuta na dari vyenyewe. Dawa yake ni uzito, kwa mfano tabaka 2 za jipsamu ya milimita 12 zilizotenganishwa na ukuta, zenye pamba ya madini katikati. Kwanza ziba mianya, kisha sikiliza kilichobaki, ndipo uamue kama gharama hiyo inahitajika.

Dalili: maneno yanasikika wazi upande palipokuwa na geti

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo mafundi wengi hukosea.

Nafasi ya geti ya mita 2.4 kwa 2.1 ikijazwa tofali, ukuta mpya unasinyaa unapokauka, wakati nguzo za zamani zilishamaliza kusinyaa miaka mingi iliyopita. Ndani ya miezi michache panatokea ufa wima kila upande, na mwingine wa kulala chini ya linta. Kama tofali mpya hazikufungwa kwenye nguzo kwa vipande vya nondo au chuma bapa, ufa unakuwa mpana zaidi. Chini ya linta hali ni mbaya hata bila kusinyaa, kwa kuwa fundi hawezi kushindilia mota vizuri kwenye nafasi iliyobaki, na nyuma ya plasta panabaki patupu.

Kosa la kwanza ni kuziba ufa huo kwa saruji au kwa unga wa kusawazishia ukuta. Vyote vinakuwa vigumu kama jiwe, na ufa ukisogea nusu milimita vinapasuka palepale. Nyanda za juu zina sababu nyingine ya kutegemea maungio yanayosogea: mchana kuna jua kali, usiku kuna baridi, na Mbeya iko panapokutana matawi ya Bonde la Ufa, ambako mitetemo midogo ya ardhi ni jambo la kawaida. Kosa la pili ni povu la kupuliza peke yake. Povu ni jepesi, na kitu chepesi hakizuii sauti. Linafaa kujaza shimo kubwa kwa ndani, likatwe lirudi nyuma, kisha juu yake ije gundi au mota.

Fanya hivi. Kwa grainda au tindo, panua ufa uwe mfereji wa upana wa milimita 10 na kina cha milimita 20. Ukitumia grainda vaa barakoa na miwani, maana vumbi hilo ni baya kwa mapafu. Safisha kwa brashi ya waya, kisha brashi ya rangi iliyo kavu, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, na uache pakauke. Sukuma ndani kamba ya povu yenye kipenyo cha milimita 13, yaani nene kuliko mfereji kwa robo hivi, hadi ibaki nafasi ya kina cha milimita 6 mbele yake. Kamba hiyo isipopatikana dukani, kata vipande vya lile povu jeupe laini linalonyumbuka, linalofungia televisheni na friji. Ni plastiki ya jamii ileile na gundi haiishiki. Sponji ya godoro haifai: inanyonya maji na kusinyaa.

Bandika utepe wa karatasi kando zote mbili. Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu liwe milimita 8, na usukume bunduki kwa mwendo mmoja, gundi ikijaa kutoka nyuma kuja mbele. Lainisha kwa kidole kilichochovywa kwenye maji yenye sabuni kidogo, ndani ya dakika 5 hadi 10, halafu ng'oa utepe kabla haijashika ngozi. Rudia upande wa pili wa ukuta. Kuziba upande mmoja tu kunaacha mfereji mtupu nyuma, na sauti huzunguka humo hadi ipate pa kutokea.

Aina ipi ya gundi? Kwenye maduka mengi kila tyubu huitwa silikoni, kwa hiyo soma maandishi. Kwa ndani tumia akriliki inayobaki laini, hasa iliyoandikwa kuwa ni ya kuzuia sauti: haigeuki ngumu, inapakwa rangi, na inasafishwa kwa maji. Kwa nje, panapopigwa na mvua ya masika na jua, tumia poliyurethani au silikoni isiyo na asidi. Ile silikoni yenye harufu kali ya siki usiiweke kwenye plasta wala tofali. Asidi inayotoka inapokauka inapambana na saruji, haishiki, na chuma kilicho jirani kinapata kutu. Tena silikoni haikubali rangi, kwa hiyo ukishaipaka mahali pa kuonekana umejifunga.

Dalili: gundi imebanduka upande mmoja kama utepe

Chanzo ni uso iliposhikia. Vumbi jekundu la tofali za kuchoma ndilo mkosaji wa kwanza: ukipitisha kidole kikarudi chekundu, gundi imeshika vumbi na haijagusa tofali. Mkosaji wa pili ni mafuta. Sakafu ya gereji imekunywa oili ya injini kwa miaka, na mguu wa ukuta umerushiwa pia. Sugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi ngumu, mara 2 au 3, suuza, acha pakauke, na mwisho futa kwa spiriti. Petroli na mafuta ya taa usivitumie. Mafuta ya taa yanaacha utando wa mafuta uleule unaotaka kuuondoa, na petroli ndani ya chumba kilichofungwa ni moto unaosubiri cheche. Kama sakafu imelowa mafuta kabisa, kata tabaka la juu kwa grainda kwenye ukanda wa sentimita 3 utakaoshika gundi.

Plasta mpya nayo haishiki hadi ikauke. Subiri siku 28. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, hata ukuta wa zamani unaweza kuwa umelowa ndani bila kuonekana. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba kingo zake zote kwa utepe, na ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone nyuma yake, ahirisha.

Dalili: gundi imepasuka katikati, au imebonyea

Ikipasuka katikati huku kingo zimeshika vizuri, gundi yenyewe ni nzima lakini imevutwa kuliko uwezo wake. Mara nyingi hakukuwa na kamba ya povu, gundi ikashika pande mbili na mgongo pia. Ikishikwa pande tatu haiwezi kunyumbuka, inachanika. Au iliwekwa nyembamba mno. Kanuni ni kina kiwe nusu ya upana, na kisipungue milimita 6.

Sababu ya pili huku kwetu ni mbao. Misonobari ya Mafinga na Sao Hill inafika sokoni ikiwa mbichi, na fundi anaifunga wiki hiyohiyo. Ubao wa inchi 4 ukifungwa mbichi unaweza kupungua upana kwa milimita 3 au zaidi, hasa upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba ukianza. Hakuna gundi ya milimita 6 itakayovumilia hilo. Panga mbao kwa vijiti katikati, chini ya kivuli chenye hewa, kwa wiki kadhaa kabla ya kujenga. Kama zimeshafungwa mbichi, subiri kiangazi kimoja kipite, kata gundi iliyochanika yote, na uzibe upya. Kupaka mpya juu ya iliyochanika ni kupoteza tyubu: ufa wa chini utachora njia ileile juu.

Kubonyea ni jambo dogo. Akriliki ina maji, na yakitoka ujazo unapungua. Pita mara ya pili baada ya siku moja.

Dalili: siku tatu zimepita na bado ni laini kama uji

Angalia kwanza tarehe ya mwisho kwenye tyubu. Kama ni nzima, chanzo ni baridi. Akriliki haipaswi kupakwa chini ya nyuzi 5, na Juni na Julai usiku wa Njombe na Makete unashuka hadi hapo, hata karibu na kuganda. Mbeya na Iringa nazo hupoa vya kutosha kuchelewesha kazi. Anza saa 4 asubuhi na umalize saa 8 mchana, ngozi ipate kushika kabla ya jua kuzama. Tyubu ziweke ndani ya nyumba usiku. Iliyopoa sana inasukumwa kwa shida na kutoka vipandevipande.

Silikoni ina tabia tofauti: inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku. Kwenye kiangazi kikavu inachelewa. Ukiiona laini ndani baada ya siku 2 hakuna ubaya, iache.

Dalili: sauti inatoka kwenye soketi na swichi

Boksi mbili zilizotazamana pande mbili za ukuta mmoja ni kama dirisha, maana katikati mara nyingi pamebaki sentimita chache tu. Paipu ya umeme inayopanda hadi darini ni bomba la sauti. Zima meni swichi. Fundi umeme afungue kifuniko, azibe mdomo wa paipu kuzunguka nyaya kwa gundi laini ya akriliki, na mzunguko wote kati ya boksi na plasta. Gundi isiguse skrubu za kushikia nyaya wala sehemu yoyote ya chuma inayopitisha umeme. Acha ikauke siku nzima kabla ya kuwasha.

Dalili: sauti inapita juu, hasa usiku

Chini ya migongo ya bati kuna matundu yanayokwenda na urefu wote wa ukuta, na watu wengi hukimbilia kuyaziba. Tunashauri usiyazibe yote. Usiku wa baridi mvuke wa ndani hugandia chini ya bati na kudondoka. Hewa ikikosa kupita juu ya dari, mbao za kenchi zinaoza na jipsamu inaota madoa. Mpaka wa kuzuia sauti uwe kwenye dari yenyewe. Ziba pale jipsamu inapokutana na ukuta, kabla ya kornisi kubandikwa. Acha mwanya wa milimita 5 makusudi na uujaze akriliki, kwa sababu jipsamu iliyobanwa moja kwa moja ukutani inapasuka ukingoni. Ziba pia kuzunguka kila waya wa taa. Taa za kuzamisha darini ni matundu tu, na zikifunikwa kwa pamba zinapata joto la hatari. Kwenye chumba cha sauti tumia taa za kubandika.

Kelele ya mvua juu ya bati haizuiwi na gundi. Hiyo ni kazi ya uzito na pamba juu ya dari.

Mlango

Kuzunguka fremu, vua mbao nyembamba zinazofunika ukingo wake na utazame: mara nyingi kati ya fremu na tofali pamejazwa vipande vya mifuko ya saruji. Vitoe, weka mota, acha milimita 6 za mwisho kwa gundi. Sehemu zinazofunguka haziwekwi gundi, zinawekwa raba. Nafasi ya milimita 10 chini ya mlango wa sentimita 90 inaushusha mlango wowote, hata wa mninga, hadi desibeli 23 hivi. Jenga kizingiti chenye raba.

Ukadirie tyubu ngapi

Chumba cha mita 3 kwa 6 kina mzunguko wa mita 18. Juu na chini kwa upande wa ndani ni mita 36. Fremu ya mlango pande mbili ni kama mita 10, dirisha moja la mita 1.2 kwa 1 pande mbili ni mita 9. Jumla mita 55. Tyubu ya mililita 300 kwenye mfereji wa milimita 6 kwa 6 inafika mita 8, kwa hiyo tyubu 7. Maungio ya palipokuwa na geti, mita 6.6 kila upande, yana upana wa milimita 10 na kina cha 6, na hapo tyubu moja inaishia mita 5: ongeza 3. Ongeza moja kwa inayopotea. Nunua 11, pamoja na kamba ya povu mita 14. Mfereji ulio mpana kuliko milimita 20 usiujaze gundi tupu. Jaza mota kwanza.

Hewa, kabla hujaziba tofali la mwisho

Chumba kilichozibwa vizuri hakipumui. Kwenye baridi ya Juni watu huingiza jiko la mkaa ndani kujipasha moto, na katika chumba cha kawaida tayari hilo linaua. Katika chumba hiki linaua haraka zaidi, kwa gesi isiyo na harufu wala rangi, watu wakiwa wamelala. Jiko la mkaa lisiingie humo hata likiwa limebaki makaa tu, wala jenereta isiwekwe ukutani upande wa pili. Mwambie kila atakayekitumia chumba, na kama unakipangisha, mpangaji aambiwe kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Usifunge matofali ya hewa yote kwa mota. Chagua mawili, moja chini upande wa nje na jingine juu ukuta wa pili, na kwa kila moja jenga sanduku la plaiwudi ya milimita 18 lenye urefu wa mita 1, ndani likiwa na vizuizi viwili vya kupishana ili hewa ipinde mara mbili. Pande zote za ndani bandika pamba ya madini ya sentimita 5 na kuifunika kwa kitambaa chepesi. Njia ya hewa ibaki na upana usiopungua sentimita 10 mahali pote. Maungio ya sanduku na ukuta ziba kwa akriliki ileile. Mdomo wa nje uweke wavu wa chuma wa kuzuia panya na popo, uinamishe kidogo kwenda chini ili mvua isiingie, na uufungue kila mwaka kuondoa vumbi na viota vya nyigu.